Wishwa wa Mpunga, Mlinzi wa Mishipa ya Fahamu

Kila aliyekulia katika nchi ya mpunga aijua kazi ya kinu na mchi. Mpunga hutiwa kinuni, hutwangwa, kisha hupepetwa katika ungo. Kumvi huruka na upepo, na baada ya kutwanga tena hubaki unga mwembamba wa rangi ya hudhurungi uitwao wishwa. Mchele huenda jikoni, na wishwa hutupiwa kuku.

Habari nitakayowaeleza katika mazungumzo haya ni ya wishwa huo. Ndani yake mna kitu kidogo sana ambacho ubongo na mishipa ya fahamu ya mwanadamu haiwezi kudumu bila ya hicho. Na kabla watu hawajakitambua, maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kufa, hali sahani za wali mweupe ziko mbele yao.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mishipa ya fahamu, maana wengine huichanganya na mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu ni mfano wa nyuzi za simu. Ubongo ndio posta kuu. Ukikanyaga mwiba, habari hupita katika nyuzi hizo mpaka kwenye uti wa mgongo, nao huuamuru mguu uondoke, yote kwa muda mfupi sana, na habari huendelea mpaka ubongoni. Nyuzi hizo zikiharibika, mguu huwapo lakini hauna habari. Mkono huwapo lakini hausikii amri.

Basi katika nchi za mashariki ya Asia palikuwa na ugonjwa wa kuharibu nyuzi hizo, uitwao beriberi. Mgonjwa huanza kwa kusikia ganzi nyayoni na uzito wa miguu. Kisha magoti humlegea, akatembea kama mtu avukaye matope. Wengine hukonda na kupooza. Wengine huvimba miguu na mwili, moyo ukapiga mbio, wakakosa pumzi na kufa ghafula. Daktari mmoja Mholanzi, Jacobus Bontius, aliyefanya kazi katika mji wa Batavia kisiwani Java, aliandika habari za ugonjwa huo, na maandishi yake yalipigwa chapa mwaka 1642, baada ya yeye kufa. Kwa hiyo haukuwa ugonjwa mpya. Lakini katika karne ya kumi na tisa ulizidi mno, na hapana aliyejua kwa nini. Uliwashika hasa askari, mabaharia, wafungwa, na vibarua wa migodini, yaani watu wanaokula chakula cha kupikiwa pamoja, tena cha namna moja siku zote.

Mtu wa kwanza kuushinda ugonjwa huu kwa hesabu alikuwa Mjapani, Takaki Kanehiro, mganga wa jeshi la majini. Yeye alikuwa amesoma udaktari London, katika hospitali ya St Thomas, tangu mwaka 1875 hata 1880, naye aliona kuwa mabaharia wa Uingereza hawaugui beriberi. Mwaka 1882 manowari ya Kijapani jina lake Ryujo ilitweka kwenda New Zealand, kisha Amerika ya Kusini, na kurudi kwa njia ya Honolulu. Ilikuwa na watu 376. Katika safari hiyo watu 169 waliugua beriberi, na 25 wakafa. Chakula chao kikubwa kilikuwa mchele mweupe. Takaki akaomba ruhusa ya kufanya jaribio. Mwaka 1884 manowari nyingine, Tsukuba, ikapelekwa kwa njia ile ile, lakini mabaharia wake walipewa nyama, samaki, maziwa, mkate, shayiri na maharagwe. Waliougua walikuwa wachache sana, na hakufa hata mmoja. Tena walipoulizwa, wengi wa wale wachache walionekana kuwa wamekikataa chakula kipya.

Takaki alidhani kuwa kilichopungua ni nyama na vyakula vya jamii ya nyama. Katika sababu alikosea, lakini dawa yake ilifaa, na jeshi la majini likaifuata. Waganga wa jeshi la nchi kavu wa Japani hawakukubali. Wao walishika kuwa beriberi huletwa na vidudu, na kwamba kumpa askari mchele mweupe ni kumheshimu. Ilipokuja vita ya Japani na Urusi, miaka ya 1904 na 1905, askari wa Kijapani zaidi ya 200,000 waliugua beriberi, na wapata 27,000 wakafa. Hao hawakuuawa na risasi za Warusi. Waliuawa na chakula walichopewa kwa heshima. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa turudi Java, mahali ambapo sababu yenyewe ilianza kuonekana. Waholanzi walikuwa wakipigana huko Aceh, katika kisiwa jirani cha Sumatra, na beriberi ilikuwa ikiwamaliza askari wao. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma mabingwa wawili, Pekelharing na Winkler, waje kuutafuta mdudu wa ugonjwa huo. Pamoja nao alikuwapo daktari wa jeshi, Christiaan Eijkman, kijana wa miaka 28. Zamani zile Louis Pasteur na Robert Koch walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa maradhi mengi huletwa na vidudu visivyoonekana kwa macho matupu. Kwa hiyo kila daktari alitazama katika hadubini akitafuta vidudu. Mabingwa wale wakadhani wamemwona mdudu wao. Mwaka 1887 wakarudi kwao, na Eijkman akaachwa Batavia aendelee na kazi katika chumba kidogo cha uchunguzi karibu na hospitali ya jeshi.

Eijkman alifuga kuku, ili awachome sindano yenye vidudu vile aone kama wataugua. Katika mwezi wa Julai mwaka 1889 kuku wakaanza kuugua. Walipepesuka, wakashindwa kusimama juu ya vijiti vyao, wakaanguka ubavu, na mwisho wakakosa pumzi. Alipowapasua waliokufa akaona mishipa yao ya fahamu imeharibika, kama ya watu waliokufa kwa beriberi. Lakini lilikuwapo jambo lililomtatiza: kuku ambao hawakuchomwa sindano nao waliugua vile vile. Akawatenga mbali, hao pia wakaugua. Kisha, mwezi wa Novemba, ugonjwa ukakoma ghafula. Waliokuwa wagonjwa wakapona, na hapakutokea mgonjwa mpya.

Mtu mwingine angeshukuru tu na kuendelea na kazi yake. Eijkman aliuliza. Akamwendea mtumishi aliyewalisha kuku, na habari yenyewe ikawa hivi. Tangu tarehe 17 Juni mtumishi yule, ili asitumie fedha, alikuwa akichukua mabaki ya wali mweupe katika jiko la hospitali, akawalisha kuku. Kisha akaja mpishi mpya, akasema kuwa kuku wa raia hawana haki ya kula wali wa askari. Kwa hiyo tangu tarehe 27 Novemba kuku wakarudia mchele wao wa zamani, ule wa bei ndogo, ambao ngozi yake ya ndani haikuondolewa. Ukali wa mpishi yule, ambaye jina lake halikuandikwa popote, uliwaponya kuku, na baadaye ukawa msaada kwa watu wengi.

Eijkman akafanya jaribio lake kwa utaratibu. Kuku wa kundi moja aliwapa mchele mweupe, wa kundi jingine mchele wenye ngozi yake. Wa kwanza wakaugua, wa pili wakawa wazima. Akachukua wale wagonjwa, akawapa wishwa pamoja na mchele mweupe, wakapona. Hapakuwa na shaka tena juu ya kuku.

Lakini kuku si mtu, na wapinzani wake hawakuacha kumwambia hivyo. Ndipo alipotokea rafiki yake, Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya katika Java. Yeye alijua kuwa katika magereza ya kisiwa kile wafungwa hupewa mchele kwa desturi ya kila mahali: huku mweupe, huko mwekundu wenye ngozi, na kwingine mchanganyiko. Katika miaka ya 1896 na 1897 akachungua magereza 101 yenye wafungwa karibu 280,000. Walipokula mchele wenye ngozi, alionekana mgonjwa mmoja katika watu 10,000. Walipokula mchanganyiko, mgonjwa mmoja katika watu 416. Walipokula mchele mweupe mtupu, mgonjwa mmoja katika watu 39. Tena Vorderman alitazama ukuu wa magereza, hewa yake, uzee wa majengo, na msongamano wa watu. Vyote hivyo havikuleta tofauti. Mwalimu apendaye kuwafundisha watoto faida ya hesabu hahitaji mfano bora kuliko huu.

Hata hivyo bado palibaki swali: mchele mweupe una sumu, au una upungufu? Eijkman mwenyewe alidhani una sumu, na kwamba wishwa ni dawa ya sumu hiyo. Aliugua, akarudi kwao mwaka 1896, na kazi ikashikwa na Gerrit Grijns. Huyu aliwalisha kuku vyakula vya namna nyingine, akaona kuwa waweza kuugua hata bila ya kula mchele kabisa. Na aliona kuwa choroko, zile zile choroko tuzijuazo sisi, huwaponya kama wishwa. Mwaka 1901 akaandika neno lililogeuza elimu ya maradhi: kwamba katika vyakula vya asili mna vitu ambavyo vikikosekana mishipa ya fahamu hudhurika. Fikirini uzito wa neno hilo. Watu wote walikuwa wakitafuta kitu kilichoingia mwilini. Grijns akasema, tafuteni kitu ambacho hakikuingia.

Waingereza nao walikuwa na mashaka yao katika Malaya. Wachina waliochimba bati walikufa kwa wingi kwa beriberi, lakini Watamili waliotoka Bara Hindi hawakuugua, hali wote wala wali. Tofauti ilikuwa katika kutengeneza. Wachina walinunua mchele mweupe uliotoka Siam, uliosuguliwa na mashine. Watamili walikula mchele wa mpunga uliolowekwa na kuchemshwa pamoja na kumvi zake, ukaanikwa, ndipo ukakobolewa. Ukichemshwa hivyo, ile nguvu iliyo katika ngozi huingia ndani ya punje, na hata ikikobolewa haipotei yote. Mwaka 1905 daktari William Fletcher aliwagawa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Kuala Lumpur makundi mawili. Watu 120 walipewa mchele wa Siam, na 123 mchele wa Kitamili. Katika kundi la kwanza walikufa 18 kwa beriberi. Katika la pili hakufa hata mmoja. Jaribio hilo lilitoa ushahidi mkubwa. Lakini tukumbuke pia kuwa wale 18 hawakuulizwa kama wanakubali, na leo sheria za uganga haziruhusu mtu kujaribiwa hivyo.

Baada ya hapo watu wakaanza kukitafuta kitu chenyewe. Mwaka 1912 Casimir Funk, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, alivipa vitu vya namna hii jina la vitamini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Mwaka 1926, katika mji ule ule wa Batavia, Waholanzi wawili, Jansen na Donath, wakapata chembe safi za vitamini hiyo, baada ya kuchuja mamia ya kilo za wishwa. Kumbukeni: mamia ya kilo, na mwisho chembe chache zinazoweza kukaa kwenye ncha ya kisu. Mwaka 1929 Eijkman alipewa nishani ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Lakini alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri kwenda kuipokea, na mwaka uliofuata akafa. Grijns hakupewa nishani hiyo. Mwaka 1936 Mmarekani Robert Williams, aliyekuwa ameanza kazi hii Manila tangu ujana wake mwaka 1910, akaweza kuitengeneza vitamini hiyo bila ya wishwa. Leo huitwa thiamini, au vitamini B1.

Kitu hicho hufanya kazi gani? Ubongo hula sukari, yaani ile sukari ambayo mwili huipata katika wali, ugali, muhogo na ndizi. Lakini sukari ni kama kuni, na kuni haziwaki bila ya moto. Thiamini ni mfano wa kiberiti: ni kidogo, lakini bila ya hicho rundo la kuni halikupi joto. Huko Oxford, kati ya mwaka 1929 na miaka iliyofuata, Rudolph Peters aliwachungua njiwa waliolishwa mchele mweupe hata vichwa vyao vikapindika nyuma. Akaona kuwa katika ubongo wao sukari imeungua nusu, na mabaki yake yamerundikana kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha. Akitia thiamini kidogo, ubongo ulirudia kazi yake. Na njiwa mgonjwa akipewa dawa hiyo, baada ya muda mfupi huinua kichwa na kusimama.

Ndiyo sababu upungufu wa thiamini haushiki miguu peke yake. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza habari za wagonjwa watatu waliopoteza akili, macho yao yakawa hayatulii, nao hawakuweza kutembea sawasawa. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyekunywa tindikali akawa hatulizi chakula tumboni. Sababu haikujulikana wakati ule. Katika vita kuu ya pili, madaktari waliokuwa wafungwa wa Wajapani huko Singapore waliona wagonjwa 52 wa namna hiyo katika hospitali ya wafungwa, watu waliolishwa mchele mweupe na chakula haba. Na habari zao zilipotolewa mwaka 1947, ilidhihirika kuwa ubongo wao ulikuwa umekosa kitu kile kile cha wishwa. Mlevi naye hupatwa hivyo hata siku hizi, kwa kuwa pombe humwondolea hamu ya chakula na huzuia thiamini isiingie mwilini vema.

Msidhani kuwa habari hii ni ya kale tu. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ndogo sana ya thiamini, yapata miligramu 30, nayo huanza kwisha katika majuma mawili au matatu. Mahitaji ya kila siku hupita miligramu moja kidogo tu; lakini ni lazima iletwe na chakula. Mwaka 2003 katika nchi ya Israeli watoto wachanga waliugua, na wengine wakafa, kwa sababu maziwa ya unga waliyopewa, yaliyotengenezwa kwa soya, yalikuwa hayana thiamini. Nchi ile ilikuwa na madaktari wengi na hospitali nzuri. Kilichokosekana ni kitu kidogo kimoja.

Basi tupate faida gani sisi? Kwanza, weupe wa chakula si alama ya ubora wake. Mchele uliotwangwa kidogo, ulio na wekundu wake, una nguvu kuliko ule uliosuguliwa na mashine hata ukang'aa. Vivyo hivyo dona ni bora kuliko sembe iliyokobolewa. Pili, mboga isiachwe: kunde, choroko, maharagwe na karanga zina thiamini, na mtu alaye wali mweupe pamoja na hizo hayumo katika hatari ile ya mabaharia wa Ryujo. Tatu, thiamini huyeyuka katika maji. Anayeosha mchele mara nyingi, au anayemwaga maji aliyopikia, anamwaga na thiamini pamoja. Na magadi yatiwayo katika maharagwe ili yaive upesi huiharibu. Afadhali kuyaloweka maharagwe tangu usiku.

Nne, aonaye ganzi miguuni asijitibu kwa kukisia. Ganzi huweza kuletwa na ukoma, na kisukari, na maradhi mengine. Na aende kwa daktari mapema, maana mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haurudi kwa wepesi.

Kwa wanafunzi ninalo neno moja zaidi. Ugonjwa huu ulikaa na watu mamia ya miaka, na dawa yake ilikuwa ikitupwa kila siku mlangoni mwa kila jiko. Hawakuwa wajinga, wala hawakukosa hadubini. Walikosa kuuliza kuku wamekula nini. Eijkman alipouliza, hakuona haya kwenda kumwuliza mtumishi, wala kusikiliza habari za ugomvi wa mpishi. Mwanafunzi atakaye kuijua kweli na aulize vivyo hivyo, hata jikoni, hata penye kinu.